Mwili wa Mtoto Katika Lugha ya Wakubwa

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, vinyago na hadithi peke yake. Hukaa pia katika maneno ya kila siku ambayo watu wazima huyatamka pasipo kufikiri. Na kwa kuwa hayafikiriwi, maneno hayo hutufunulia zaidi jinsi tunavyothaminiana. Makala haya yanakusudia kuhakiki fungu moja dogo la maneno ya namna hiyo, nayo ni yale tunayoyatumia tunapoutaja unene au wembamba wa mtoto.

Mifano yetu itatoka hasa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na kuna sababu mbili za kuchagua hapo. Kwanza, ni mahali ambapo upungufu na shibe hupokezana kwa msimu, yaani miezi ya ghala tupu kabla ya mavuno, kisha miezi ya fedha za korosho mwishoni mwa mwaka. Pili, ni nchi ya watu waliousoma mwili wa binadamu kwa patasi. Wachongaji wa Kimakonde wanajua kulivuta tumbo la shetani mpaka lichekeshe na kutisha, na wanajua pia kuchonga barakoa ya mwili yenye tumbo la mjamzito, ambayo mcheza ngoma mwanamume huifunga kifuani akacheza mbele ya watu. Watu wenye jicho la namna hiyo hawakosi maneno ya kuusema mwili. Swali letu ni hili: maneno hayo humsema nani?

Tuanze na wembamba, kwa sababu huo ndio uliotangulia kuogopwa. Chakula kikuu cha uwanda huu ni muhogo, ambao humenywa, ukakaushwa ukawa makopa, ukatwangwa, ukasongwa ugali. Muhogo ni rafiki wa mkulima kwa kuwa huvumilia mchanga na ukame, lakini una upungufu mkubwa wa protini. Mtoto aliyeachishwa ziwa akategemea ugali huo bila kunde, karanga, mbaazi wala samaki, hudhoofu. Jambo hilo lina sababu ya chakula na maradhi. Hata hivyo lugha yetu ililipatia sababu nyingine mapema: mtoto aliyedhoofu aliambiwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kukutana kabla hajaacha kunyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Neno hilo linajulikana katika sehemu nyingi za nchi yetu, tena lina nguvu mpaka leo.

Tulitazame neno lenyewe. Kitenzi ni kubemenda, na mtoto ndiye anayetendwa. Lakini mtu anayeshitakiwa siye mtoto, bali ni mama yake mara nyingi, na baba yake mara chache. Mbavu za mtoto zimegeuzwa kuwa ushahidi katika kesi ya wakubwa. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyefanya kazi ya afya vijijini: mama anayeogopa hukumu humficha mtoto ndani, na mtoto anayefichwa hafiki kwenye matibabu. Hivyo neno lililotungwa ili kumlinda mtoto anyonye muda mrefu, jambo ambalo lilikuwa na hekima yake, limegeuka na kumziba njia.

Sasa tuutazame unene. Ikiwa wembamba ni mashitaka, basi unene ni hukumu ya kuachiwa huru. Ndiyo maana shangazi akimpokea mtoto mnene mikononi humgeukia mama na kumpongeza: "Umemlea!" Mtoto amewanda, amenona, amenawiri. Katika pwani yetu sifa hiyo hufuatwa upesi na "Mashaallah", ili husuda isiingie, kwa maana unene ni mali, na mali huonewa kijicho. Kijana akirudi kutoka jandoni, au mwali akitolewa ndani, ng'aro ya ngozi na ujazo wa mashavu husomwa na umma kuwa ni barua ya shukrani kwa waliompikia. Hapa tena aliyesifiwa ni mkubwa, na mtoto ni bendera tu inayotangaza kuwa nyumba ile ina chakula na ina adabu.

Mtu anaweza kusema kuwa hakuna ubaya katika bendera kama hiyo. Ubaya upo, nao ni kwamba jicho linalotafuta sifa ya wakubwa halimwoni mtoto. Mfano ulio wazi kuliko yote ni unyafuzi, ambao madaktari huuita kwashakoo kwa neno la Kiga, lugha ya watu wa Ghana, lililoingizwa katika vitabu vya tiba na daktari Cicely Williams katika miaka ya 1930. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu na uso, mashavu yakajaa. Asiyejua humwona amenenepa, kumbe ni maji yaliyotuama chini ya ngozi ya mtoto mwenye utapiamlo mkali. Lugha iliyozoea kusifu ujazo huweza kumsifu mtoto anayekufa.

Mfano wa pili haushitui macho, lakini umeenea zaidi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5, wapatao 30 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Na wapatao 4 wana uzito uliozidi. Hesabu hizi mbili zisomwe pamoja. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu ya mviringo na tumbo lililojaa, na mtaa mzima ukamwita kibonge kwa furaha. Kudumaa na kuvia ni maneno ya Kiswahili safi, lakini ni nadra kuyasikia barazani, kwa sababu ufupi wa mtoto haumsifu mtu wala haumshitaki mtu. Unene una msamiati tele, ilhali kimo kimekosa wasemaji.

Baada ya kusema hayo, ni haki tuitaje kazi moja ya maandishi iliyojaribu kuusema mwili wa mtoto kwa namna nyingine, nayo ni kadi ya kliniki. Hatujazoea kuihakiki kadi kama tunavyohakiki shairi, lakini nayo ni matini inayosomwa katika kila nyumba. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973, mwaka ule ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF na serikali ya Italia, ndio ulioonyesha wazi zaidi nguvu ya mizani kijijini. Watoto walipimwa kwa vipindi, na matokeo yakaletwa mbele ya kamati za vijiji ili waulizane kwa nini uzito umeshuka na ni nini kifanyike. Swali la nani amevunja mwiko halikuwamo.

Uzuri wa kadi ni kwamba haimlinganishi mtoto na jirani yake kwa maneno ya sifa. Nukta ya mwezi huu huunganishwa na nukta ya mwezi uliopita, na msitari unaopanda husema jambo moja tu, kwamba mtoto huyu anakua. Hiyo ni sentensi fupi, na mtoto mwenyewe ndiye kiima chake. Upungufu wake hautoki katika karatasi, bali katika sauti inayoisoma. Mahali ambapo mizani imening'inizwa kwenye tawi la mkorosho na akina mama wamepanga foleni, tarakimu iliyotangazwa kwa sauti kuu hugeuka tena kuwa hukumu, na rangi ya onyo iliyochapwa kwenye kadi hugeuka kuwa jina la mtoto. Kipimo kilicho chema kinaweza kuharibiwa na msomaji mbaya.

Hali za leo zimeongeza jambo jipya. Korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika zao hilo mwaka 2007, na fedha zake huingia nyumbani kwa mkupuo. Katika majuma hayo mzazi anayempenda mwanawe humwonyesha mapenzi kwa soda, biskuti, maandazi na chipsi, na ming'oko, kunde na kisamvu huonekana kuwa chakula cha wasionacho. Watoto wenye uzito uliozidi wangali wachache nchini. Lakini njia ya kufikia huko imekwisha kufunguliwa, na madhara yake ya baadaye, kama vile kisukari na maradhi ya moyo, yanajulikana. Hivyo imezaliwa lugha ya pili, ambayo mtoto huyo huyo aliyepongezwa akiwa na mwaka 1 huipokea akiwa na miaka 10: bonge, tipwatipwa, kiroba.

Hapa sarufi ya Kiswahili inastahili kuchunguzwa. Bonge, kwa asili, ni kipande kikubwa cha kitu kisicho na umbo: bonge la ugali, bonge la udongo. Kumwita mtoto bonge ni kumtoa katika ngeli ya watu na kumweka katika ngeli ya vitu. Viambishi vyetu hufanya kazi hiyo kwa urahisi wa kutisha: mtoto akiwa jitoto amekuwa mzigo, na akiwa kitoto kwa dharau amekuwa si kitu. Zaidi ya hayo, bonge ni nomino, na nomino hugandisha. Tukisema "amenenepa", tumetumia kitenzi kinachoeleza hali iliyofikiwa sasa, na mwakani tutaweza kusema "amerefuka". Tukisema "bonge", tumempa jina, na jina humfuata mtu mpaka uzeeni hata kama mwili umebadilika.

Hata istilahi ya kitaalamu haikusalimika. Hali ya unene uliokithiri imepewa jina la kiribatumbo, nalo limeingia katika maandishi ya lishe. Waliolitunga walitafuta neno la Kiswahili badala ya kuazima, na nia hiyo yafaa kuheshimiwa. Lakini kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Katika Newala, mahali ambapo maji huzama mchangani na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka bondeni kuyachota na kuyapandisha kichwani, chombo kilichojaa maji ni neema isiyo na kifani. Neno hilo basi linamtania mgonjwa mbele ya msomaji wa mjini, na linamsifu mbele ya msikilizaji wa uwandani. Istilahi inayocheka upande mmoja na kushangilia upande wa pili haijaeleza ugonjwa. "Uzito uliozidi" ni maneno makavu, lakini ni ya haki zaidi.

Wako watakaojibu kwamba huu ni utani tu, na kwamba utani ni nguzo ya utamaduni wetu. Hoja hii ina uzito, kwa hiyo tuijibu kwa sheria za utani wenyewe. Mtani ni mtu anayeweza kujibu. Babu akimwita mjukuu wake pipa, mjukuu ana ruhusa ya kumwita babu kibogoyo, na wote wawili wakacheka, kwa maana mila imewaweka sawa. Lakini mwalimu akilisema neno hilo mbele ya darasa, au jirani akalisema njiani, mtoto hana ruhusa ya kujibu. Akijibu ataambiwa hana adabu. Maneno ya mzaha yanayokwenda upande mmoja si utani. Ni uonevu uliovaa nguo za mila, na anayeyatetea kwa jina la utamaduni anauibia utamaduni.

Wala aibu haijawahi kuwa dawa. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko kwamba kumdhihaki mtoto kwa uzito wake humsukuma kula kwa kujificha na kuepuka michezo, na kikawahimiza madaktari wenyewe wachunge ndimi zao. Hatuhitaji kungoja tamko la mbali ili kulijua jambo hili. Wahenga walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kulea hakuishii kwenye sahani. Aliyelelewa kwa jina la bonge atajifunza kuuchukia mwili ambao ndio pekee alio nao.

Tunachopendekeza si kunyamaza. Mtoto asiyesemwa kabisa hatapelekwa kupimwa, na katika nchi yenye udumavu mwingi kama yetu ukimya ni hatari. Tunapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa lugha yetu. La kwanza, mwili wa mtoto usemwe kwa vitenzi, yaani anakua, anaongezeka, amepungua, amesimama, na nomino za vitu waachiwe vitu. La pili, mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kama kadi inavyofanya, na kimo chake kitajwe pamoja na uzito wake. La tatu, habari za uzito aambiwe mzazi kando na kwa sauti ya chini, kisha lifuate swali la chakula, maji na maradhi, kabla ya swali lolote la mwenendo.

Mchongaji wa Newala anapoushika mpingo hauambii kuwa ni mnene au mwembamba. Huugeuza, huufuata mshipa wake, akauliza umbo gani limo ndani. Mtoto naye anastahili kutazamwa hivyo na wakubwa wake, na walimu, manesi, mashangazi na majirani wanaweza kuanza kumtazama hivyo leo, pasipo kungoja kamusi mpya.