Kitabu cha Mpishi, na Habari ya Kukaa Tayari

Wasomaji wengi wamepata kukiona kijitabu cha Ndugu Laurent, kile cha kuzoea kukaa mbele za Mungu. Maana ni kidogo, huingia mfukoni, na mtu aweza kukimaliza kwa usiku mmoja. Nadhani huko kumalizika upesi ndiko kunakowadanganya watu. Hukisoma kama kitabu cha utamu, wakasema, Alikuwa mtu mwema, basi. Walakini mimi naona ni kitabu cha shida, na asiyeiona shida yake hajakisoma.

Mtu mwenyewe jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman, mwenyeji wa Lorraine, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alikuwa askari, akajeruhiwa vitani. Kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja, naye alikiri ya kuwa alikuwa mzito wa mikono, mwenye kuvunja kila kitu. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akidhani ya kuwa huko ataadhibiwa vema kwa uzito wake huo. Wakamtia jikoni. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo, naye akaifanya miaka 15. Hakuandika kitabu. Baada ya kufa kwake mwaka 1691, padre Joseph de Beaufort ndiye aliyekusanya barua zake, pamoja na mazungumzo manne waliyozungumza wao wawili, la kwanza likiwa la Agosti 1666.

Kwetu mhubiri akitaka kunena habari ya kukaa tayari, mara nyingi hungoja msiba. Hutukumbusha kaburi, nasi twatetemeka. Matanga yakiisha kuanuliwa, twarudia magomvi yetu ya mipaka ya mashamba. Ndugu Laurent hamtishi mtu. Kwake, kukaa tayari ni habari ya kazi iliyo mkononi sasa hivi: sufuria, kuni, au divai aliyotumwa kuinunua Burgundy, ambako kwa ulemavu wa mguu wake hakuweza kupita chomboni ila kwa kujibingirisha juu ya mapipa. (Neno hili hunichekesha kila nilisomapo, nami sioni kosa kucheka.)

Hata hivyo kitabu kina upungufu wake. Ndugu Laurent asema ya kuwa kwake saa za kusali hazikuwa mbali na saa nyingine, na wavivu wamelishika neno hilo kwa furaha, wakaacha kusali. Wamesahau ya kuwa alikaa katika nyumba yenye kengele na utaratibu, akaenda kusali kila alipoagizwa na wakubwa wake. Wasomaji wa kwanza waliyajua hayo, kwa hiyo kitabu hakikuyaeleza. Lakini mwenye mke na watoto, na mtoto mchanga aliaye usiku, ashike nini? Hapo kitabu chanyamaza.

Wala walio na saa zao hawajasalimika. Alasiri moja nilikuwa nimejifungia kukisoma kitabu hiki hiki, mtoto wa darasa langu akabisha hodi kuniuliza hesabu. Nilimfukuza kwa ukali, kisha nikarudia ukurasa wa upole. Kesho yake hakuuliza neno, wala kesho kutwa. Ndipo nilipoyasoma upya maneno ambayo hapo kwanza niliyapita mbio: ya kuwa Ndugu Laurent alipokosa, alikiri kosa lake kwa Mungu bila kujitetea, akakiri ya kuwa akiachwa peke yake hawezi kutenda vingine, akarudi kazini bila kujitesa. Nadhani hilo ndilo fundisho gumu kuliko yote kitabuni. Mimi hujitetea kwanza. Nilimwita yule mtoto siku ya tatu, tukaifanya ile hesabu. Ilikuwa ya sehemu, nayo haikuchukua dakika kumi.

Akisomaye na aanze na barua ile ambayo Ndugu Laurent asimulia miaka yake kumi ya kwanza ya mateso ya moyo, kisha aliendee zungumzo lile ambalo asema ya kuwa kwa miaka minne aliamini kabisa kwamba atapotea. Baada ya hapo na arudi jikoni pamoja naye.