Muhtasari wa Kiswahili Mkononi mwa Mtahiniwa

Muhtasari wa somo ni maandishi kama maandishi mengine, na sioni kwa nini tuhakiki riwaya na tamthiliya kisha tuyaache bila kuyagusa haya yanayotuamulia tusome nini. Ninaouzungumzia ni muhtasari wa Kiswahili wa Tanzania, kidato cha kwanza hadi cha nne, toleo la 2005. Sisi wa Kabonga tuliovuka mpaka kwenda kusoma upande wa Kigoma tuliutumia kujipangia ratiba ya mtihani wa kidato cha nne.

Wengi huusoma kwa safu mbili tu: mada na idadi ya vipindi. Mtu anahesabu vipindi, anavigawa kwa wiki zilizobaki, ratiba imekwisha. Lakini vipindi vilihesabiwa kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa zima mbele yake. Mada inaweza kupewa vipindi vingi kwa sababu ina majadiliano ya vikundi na maigizo, wala hilo halisemi lolote kuhusu alama. Habari za alama ziko kwenye fomati ya Baraza la Mitihani, karatasi nyingine kabisa.

Safu yenye faida kwa mtahiniwa ni ya upimaji, ambayo karibu kila mtu huiruka. Humo mna maswali: je, mwanafunzi anaweza kubainisha, kufafanua, kuchambua? Tofauti ya vitenzi hivyo ndiyo tofauti ya muda. Kubainisha tamathali za semi katika shairi ni kazi ya dakika chache. Kuchambua dhamira kwa kutumia diwani mbili, tuseme Wasakatonge na Malenga Wapya, ni insha nzima. Aliyeandika "Jumanne: fasihi andishi" hajapanga kitu. Aliyeandika "Jumanne: kuchambua dhamira mbili za Takadini na mbili za Watoto wa Maman'tilie, vitabu vimefungwa" ana kazi anayoweza kuikagua jioni.

Muhtasari unakwama pale unapomchukulia mtahiniwa kuwa mmoja, popote alipozaliwa. Chukua ngeli. Mtoto wa Kabonga anazijua tangu tumboni, maana Kirundi nacho kina ngeli: umuntu na abantu ni mtu na watu, ibintu ni vitu. Kwa hiyo huipita mada hii akitabasamu. Hapo hapo ndipo mtego ulipo. Igiti cha Kirundi ni mti, si kiti. Na umuti, unaofanana na mti kwa sura, ni dawa. Mti umetoka ngeli moja kwenda nyingine na upatanisho wake wote umehama nao. Tena Kiswahili chetu cha mwaloni, kinachobadilishana wavuvi wa nchi tatu, hakimsumbui mtu akisema "kitabu yangu". Samaki watauzwa vilevile. Msahihishaji hatanunua. Ratiba ya mtu wa huku ingelipa sarufi siku nyingi kuliko muhtasari unavyodokeza, na siku hizo azitoe kwenye usimulizi, ambao anao tayari.

Kisha kuna mada ya kukua na kuenea kwa Kiswahili. Hapa nina ugomvi zaidi. Misafara ya karne ya 19 ilifika Ujiji, na kutoka Ujiji biashara na lugha zilipanda na ziwa hadi Nyanza-Lac na Rumonge. Wajerumani walitawala pande zote mbili za mpaka huu mpaka Wabelgiji walipoingia Burundi mwaka 1916. Mwanafunzi wa Kabonga ana ushahidi wa mada hii katika ukoo wake. Muhtasari, hata hivyo, unaipeleka hadithi kwenye Tanganyika chini ya Waingereza, kisha Tanzania huru, na mwambao wetu unabaki nje ya ukurasa.

Kwa mtihani, ushauri wangu ni mkavu: soma wanachouliza. Panga Waarabu, Wajerumani, Waingereza na kipindi cha baada ya uhuru, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 usiisahau. Habari za Rumonge zitie kama mfano mmoja ndani ya hoja ya biashara, sentensi mbili, usizidishe. Nyingine ziandikie daftari la pembeni, lisilo na ratiba. Chuoni mwalimu wa isimujamii atakapotaka mada ya tasnifu, daftari hilo litakuwa tayari.