Taratibu Ni Siku Ngapi?

Katika kampuni ya matangazo niliyoifanyia kazi kabla ya kurudi chuoni, kila kijana mpya alipokewa kwa laptopu, kitambulisho cha mlangoni na ushauri kwamba akaitazame Mad Men. Bosi wetu aliutoa ushauri huo kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni msikiti ulipo. Tamthilia hiyo ya Kimarekani ilitungwa na Matthew Weiner, ikaonyeshwa na stesheni ya AMC kuanzia 2007 hadi 2015, na inahusu kampuni ya matangazo ya New York katika miaka ya 1960. Misimu yote saba niliimaliza kwa wiki tano, usiku, nikila chipsi mayai juu ya kibodi, nikaamini nimeshaielewa kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Sasa nasoma shahada ya umahiri, upande wa tafsiri, na mwezi uliopita niliirudia. Safari hii niliitazama kwa hasira kidogo. Nitaeleza kwa nini, na msomaji atanivumilia nikipitia jikoni kwa shangazi yangu kabla ya kumaliza.

Tuanze na mkutano. Kila mtu wa matangazo anaijua sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, inayoitwa "The Wheel". Watu wa Kodak wamekuja na mashine mpya ya kuonyesha slaidi. Wao wanaiita gurudumu, na wanajivunia ufundi wake. Don Draper anazimisha taa. Anawasimulia jinsi Mgiriki mmoja mzee, aliyewahi kufanya naye kazi, alivyomfundisha juu ya nostalgia, yale majonzi ya kuyatamani yaliyopita, na anawaambia kwamba kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya maumivu yatokayo kwenye kidonda cha zamani. Huku anazungumza, huku anabofya, na picha zinazopita ukutani ni za mke wake na watoto wake, familia ambayo yeye mwenyewe anaivuruga. Mwishoni anaibatiza mashine ile jina la bembea ya watoto inayozunguka: Carousel. Mfanyakazi mwenzake, Harry Crane, ambaye ndoa yake imeingia mchanga, anatoka mbio akilia. Wateja wanabaki kimya. Duck Phillips anawatakia heri katika mkutano wao unaofuata, yaani huko waendako hawatapata kitu kama hiki.

Nimehudhuria mikutano na wateja kwa miaka mitatu. Sijamwona mteja akilia. Nimemwona mmoja akisinzia. Mkutano wetu ulikuwa na sambusa, chupa ndogo za maji, skrini ambayo bosi wa ofisi ya kanda alionekana juu yake akiwa ameganda, mdomo wazi, mpaka mtandao urudi, na slaidi 60 za Kiingereza ambamo Kiswahili kilijitokeza kwenye ile ya 41. Mjadala mrefu kuliko yote ulikuwa juu ya ukubwa wa nembo. Uamuzi wenyewe haukufanyika chumbani. Ulikuja baada ya siku nne, kwa baruapepe yenye nakala kwa watu 11, na maoni yao yalikuwa yanapingana.

Hilo nalisamehe, kwa sababu baruapepe haiwezi kuigizwa ikapendeza. Na upo upande mmoja wa uhusiano na mteja ambao tamthilia hii inauona vizuri sana: kampuni inayoishi kwa mteja mmoja mkubwa haina tena kampuni, ina bwana. Kwao bwana huyo ni Lucky Strike, watu wa sigara. Katika msimu wa tatu, Lee Garner Jr., mtoto wa wenye mali, anamtaka Sal Romano, mchoraji wa kampuni. Sal anakataa, na anayefukuzwa kazi ni Sal. Msimu wa nne, kwenye sherehe ya Krismasi, Lee huyohuyo anamlazimisha Roger Sterling, mmoja wa wenye kampuni, avae nguo za Baba Krismasi. Roger anazivaa. Msimu huohuo Lucky Strike inaondoka, na jengo zima linatikisika.

Kwetu hakuna aliyevalishwa ndevu za pamba. Lakini mchoraji wetu alikesha siku mbili akitengeneza kadi za kitchen party ya binti wa mteja, bila ankara, na zilipochapishwa akaambiwa rangi ya waridi ilipaswa kuwa ya pichi. Akarudia. Waganga nao wana wateja, lakini kwa mganga mteja hulipa na kutii. Kwetu mteja hulipa na kuamuru, na mwenye tunguri ndiye anayetetemeka.

Kisichoonekana kabisa katika misimu ile saba ni jambo ambalo kwangu lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Chumbani mwa Don, anayeandika tangazo, anayelipitisha na atakayelisikia nyumbani wote wanazungumza lugha moja. Kwetu maelekezo ya mteja yalikuja kwa Kiingereza. Niliandika tangazo kwa Kiswahili. Kisha nilitakiwa kulitafsiri tena kwa Kiingereza ili ofisi ya kanda ilisome, kwa kuwa wanaoidhinisha hawakijui Kiswahili. Walipitisha Kiingereza changu, na redio ikatangaza Kiswahili changu. Katikati ya hivyo viwili nilikuwa peke yangu.

Tangazo langu la kwanza la maana lilikuwa la mafuta ya kupikia. Maelekezo yalisisitiza neno moja, wepesi: mafuta yasiyolemea tumbo, familia iliyochangamka. Mimi nikaandika: "Wifi kaja na maneno, kaondoka na hotpoti."

Msomaji wa huku hahitaji maelezo. Anamjua wifi anayeingia akikagua sakafu, anayeuliza kaka yake mbona amekonda. Anajua kuja na maneno ni kuja na nini. Na anajua hotpoti ile haikuondoka tupu, na kwamba itakaporudishwa, kama itarudishwa, patakuwa na ziara nyingine. Sikukitafuta kichekesho hicho mbali. Nimekua nikimwona shangazi, wifi wa mama yangu, akifanya hivyohivyo kila Iddi.

Nikaitafsiri sentensi ile kwa uaminifu wote. Kwa Kiingereza ikawa: dada wa mume alikuja na maneno, akaondoka na chombo cha kutunzia chakula. Majibu kutoka kanda: Maneno gani? Je, ameiba chombo? Je, tunaihusisha bidhaa na migogoro ya kifamilia? Swali la wizi ofisini tulilicheka mwezi mzima, lakini tangazo lilikufa. Lililokwenda hewani lilisema kwamba familia inafurahia mlo mwepesi kila siku. Kwa Kiingereza lilipendeza. Kwa Kiswahili, mlo mwepesi ni ule wa kusubirishia mlo wenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza, na sikuwa peke yangu. Ukikaa na waandishi wa matangazo wa Dar utaona wote wamejifunza mojawapo ya mambo mawili. Wengine huanza kuandika Kiswahili kinachotafsirika: hakina wifi, hakina utani, hakina neno lenye tumbo. Ndicho kile Kiswahili cha mabango unachokipita Morogoro Road bila kukumbuka hata neno moja ukifika Ubungo. Wengine huandika watakavyo, kisha wakaipika tafsiri ya Kiingereza mpaka imfurahishe mteja. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, na nilijiona shujaa wa lugha. Kila nilipodanganya kwa Kiingereza niliamini naokoa sentensi ya Kiswahili.

Kisha ikaja kazi ya mikopo ya simu. Mteja mpya, pesa nzuri, haraka. Unabonyeza, mkopo unaingia, unalipa ndani ya siku 30 pamoja na ada, na ukichelewa ada inaongezeka. Maelekezo yalitaka msikilizaji ajisikie huru, asijisikie amebanwa. Nikaandika: "Chukua leo, lipa taratibu."

Ilikuwa nzuri. Bado nasema ilikuwa nzuri. Ina mizani, ina pumzi, mtangazaji aliisoma mara moja tu studio na ikakaa. Mwanasheria wa mteja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kamusi, akaandika kuuliza: hili neno taratibu, tunaahidi muda mrefu? Nikamjibu ndani ya dakika kumi. Nilimwambia hapana, taratibu ni wingi wa utaratibu. Sentensi inamtaka mkopaji alipe kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Nikamwambia aangalie kamusi. Akaangalia, akaliona neno limeandikwa hivyo, akatia saini.

Kamusi haikusema uongo, neno lina maana zote mbili. Lakini sarufi inanishitaki: kwa maana niliyompa mwanasheria ingebidi iwe "lipa kwa utaratibu". "Lipa taratibu" ina maana moja tu sikioni mwa mtu aliyesimama jikoni: polepole, bila kusukumwa. Na kama kawaida, mwisho wa tangazo palikuwa na ile mbio ya sekunde mbili, "vigezo na masharti kuzingatiwa", sentensi ya ajabu kuliko zote katika Kiswahili cha biashara. Haina mtenda. Nani azingatie? Kitenzi kimeachwa kikining'inia ili lawama isipate pa kutua.

Shangazi yangu anapika chapati na maharage karibu na stendi. Alichukua mkopo ule anunue unga na mafuta kabla bei haijapanda. Hakujua kwamba tangazo ni langu. Mimi mwenyewe sikujua kwamba amekopa, mpaka Jumapili moja nilipomtembelea akanipa simu yake nimsomee ujumbe. Ulikuwa wa tatu. Ada ilikuwa imeongezeka mara mbili. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayemuuliza msomi wa ukoo jambo la kitaalamu:

"Hivi mwanangu, taratibu ni siku ngapi?"

Nilimwambia thelathini. Akasema, "Aa," kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita.

Nilimlipia, na si hapo nilipojisikia mwema. Baada ya miezi kadhaa niliacha kazi. Ningependa kuandika kwamba niliacha kwa sababu hiyo, lakini ukweli ni kwamba nilipata udhamini wa masomo.

Nilipoirudia "The Wheel" mwezi uliopita, nilisimamisha picha pale pale kwenye Kigiriki. Don anakosea. Neno nostalgia halina kidonda ndani yake. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurejea nyumbani, na algos, yaani maumivu. Tena halikuundwa na Wagiriki wa kale, bali na daktari Johannes Hofer huko Basel mwaka 1688, akieleza ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao. Mkutano unaotukuzwa kuliko yote katika tamthilia umesimama juu ya tafsiri mbovu iliyotolewa kwa kujiamini mbele ya wateja wasioijua lugha. Yaani alifanya nilichofanya mimi.

Sijui kama Weiner alikusudia hivyo. Inawezekana sana: Don ni mtu anayeishi kwa jina la marehemu, na tafsiri ya uongo inamkaa vizuri kama suti zake. Lakini tamthilia haimtozi chochote kwa kosa hili. Machozi ya Harry ni ya kweli, Kodak inakuwa mteja wao, na hakuna Mgiriki hata mmoja atakayenunua mashine kwa kuamini kidonda. Uongo wa Don unaishia chumbani. Hapo ndipo penye udhaifu wa kazi hii nzuri, na penye mvuto wake kwa mabosi wanaowapa vijana waitazame. Inapotaka kutuonyesha gharama ya matangazo hutuonyesha watengenezaji wake: wanavyolewa, wanavyotalikiana, wanavyofukuzwa. Msikilizaji haonekani, au akionekana ni Don mwenyewe, anayerudi nyumbani mwisho wa sehemu hiyo akitarajia kuikuta familia na kuikuta nyumba tupu. Muuzaji ndiye aliyeguswa na tangazo lake. Vizuri kwake.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shangazi na nikamwambia yote, kuanzia mwanasheria mpaka kamusi. Alikuwa anasukuma chapati. Alinyamaza muda, nikaona heri nimsimulie na lile la mafuta, walau acheke. Nikamtamkia: wifi kaja na maneno, kaondoka na hotpoti.

Aliliweka chini rungu la kusukumia. Alicheka mpaka akashika meza. "Huyo ni mimi kabisa," akasema. "Mama yako ndiye aliyekuambia? Hotpoti yake ipo pale juu ya kabati, mwambie." Kisha akafuta macho kwa kanga. "Mbona hilo sijalisikia redioni?"

"Walilikataa, shangazi."

"Wakalikubali lile la taratibu?"

Nikasema ndiyo. Akaigeuza chapati iliyokuwa jikoni, ilikuwa imeanza kuungua.