Mwanamke Peke Yake Porini: Mamba Muntu na Oganda

Katika sanaa na fasihi yetu, mwanamke akionekana peke yake porini, aghalabu tunatakiwa ama tumwogope ama tumwogopee. Makala haya yanachunguza mifano miwili: mchoro wa mamba muntu, uliotundikwa katika sebule nyingi za miji ya migodi ya Katanga katika miaka ya 1970, na hadithi fupi ya Grace Ogot, "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968.

Tuanze na jina. Mswahili wa pwani angesema nguva. Kiswahili cha Katanga kimeunganisha mamba na muntu. Neno muntu limo katika ngeli ya kwanza, na ngeli hiyo haibagui mume na mke. Hata hivyo, mchoraji humchora mwanamke: nywele ndefu, ngozi nyeupe, mara nyingi saa mkononi na nyoka kando yake, ukingoni mwa maji, mbali na nyumba za watu. Jinsia hiyo haikutoka katika sarufi. Ilitoka kwa mnunuzi. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian waliichunguza michoro hiyo katika makala yao ya mwaka 1976. Husimuliwa kwamba mwanamume anayemkuta hupata mali kwa masharti. Lakini tumtazame vema: mamba muntu ameketi. Anayetembea ni yule mwanamume, naye mara nyingi hayumo mchoroni, kwa kuwa amesimama pale pale tunaposimama sisi watazamaji.

Oganda anatembea. Yeye ni binti wa pekee wa chifu Labong'o. Ametolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, na baada ya kuagwa kwa nyimbo anaachwa aende peke yake hadi katika ardhi takatifu. Ubora wa Ogot uko hapa: haifupishi njia. Hakuna mlinzi anayemsindikiza Oganda, angeweza kugeuka. Anaendelea kwa sababu amri ya kijiji imekwisha kuingia miguuni mwake.

Msomaji aweza kulalamika kwamba Osinda, mpenzi wake, anapotokea na vazi la majani la kumficha, hadithi inageuka kuwa ya mwanamume mwokozi. Lawama hiyo ina haki yake, ila inasahau mwisho. Zimwi halikupata kitu, na mvua inanyesha. Kwa tukio hilo moja Ogot anaihukumu amri yenyewe, wala hahitaji hotuba.

Hata hivyo, Oganda naye hakuingia porini kwa shughuli yake mwenyewe. Kandokando ya Kolwezi wanawake huingia katika miombo kutafuta kuni na, mvua zikianza, uyoga. Wengine kwa makundi, wengine peke yao. Wanaijua miti kwa majina, na misitu hiyo inazidi kupungua kwa ukataji wa makala na kwa migodi ya shaba na kobalti. Mwanamke huyo hana zimwi wala mwokozi, ana mzigo kichwani. Katika kazi hizi mbili hayumo. Mtafiti atakayemtaka itambidi aanze na masimulizi yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Kolwezi, na ayarekodi mapema, maadamu miti anayoitaja bado imesimama.