Barua Ile Haikuwa ya Charlot

Tuanze na barua, maana hapo ndipo The Gold Rush ya Chaplin ilipoharibiwa. Mnakumbuka: mkesha wa mwaka mpya umeshapita, ukumbi wa dansi umejaa, mcheza dansi Georgia yuko juu kwenye roshani anaandika, na mhudumu anaishusha karatasi chini. Katika filamu ya 1925 anayeandikiwa ni Jack, lile jitu linalojiona. Georgia anamwomba msamaha na kumwambia anampenda. Jack anaisoma, anaifanyia mzaha mbele ya wenzake, kisha anamwona Charlot, yule fukara anayechezwa na Chaplin, na kumtuma mhudumu ampelekee yeye. Charlot anapokea maneno ya mapenzi ambayo hayakuwa yake, na anarukwa na akili kwa furaha.

Mwaka 1942 Chaplin aliirudia filamu hiyo yeye mwenyewe. Aliondoa vibao vyote vya maandishi, akapunguza urefu kutoka dakika kama 95 hadi kama 72, akaweka muziki, na juu ya picha akatia sauti yake akisimulia. Barua nayo akaibadilisha. Sasa Georgia anamwandikia Charlot moja kwa moja, akimtaka radhi kwa kutokuja kwenye chakula cha mkesha alichomwalika. Jack hahusiki tena. Kwa mkato mmoja na maneno machache ya msimulizi, kisa chote cha mapenzi kikapoteza nguvu.

Angalieni kilichokwenda. Mwaka 1925 sisi tunajua na Charlot hajui. Anapoparamia roshani na kumkumbatia Georgia, akiapa kwamba atarudi akiwa mtu wa maana, tunacheka huku roho inatuuma, kwa sababu kila neno analosema limesimama juu ya dhihaka ya Jack. Mwaka 1942 tunamwona mtu aliyepata barua nzuri akafurahi, basi. Ile roshani bado ipo, mwili wa Chaplin bado unafanya maajabu yale yale, lakini hakuna tena hatari chini ya miguu yake.

Na Georgia je? Katika filamu ya kwanza anapanda meli akiwa na deni. Alimcheka huyu mtu, alisahau mwaliko wake, akampenda mnyanyasaji. Ndiyo maana pale melini, anapodhani Charlot amepanda kwa kujificha bila nauli, akajitolea kumlipia, tunaona deni linalipwa. Hajui kwamba matambara yale yamevaliwa kwa ajili ya mpiga picha na kwamba mbele yake amesimama milionea. Ni mwanamke anayemtetea fukara. Chaplin wa 1942 alimwosha Georgia mapema mno, katikati ya filamu, na kwa hiyo tendo lake la melini limebaki adabu nzuri tu. Juu ya hayo akakata busu la mwisho! Busu refu mbele ya kamera ya gazeti, lililoiharibu picha ya mpiga picha, ambalo filamu nzima ilikuwa inalitafuta. Badala yake wanapanda ngazi wameshikana, mwisho.

Kiatu cha kuchemsha, ngoma ya mikate, kibanda kinachoning'inia gengeni: hayo ni kazi safi katika matoleo yote mawili. Muziki wa 1942 nao haukuonewa ulipotajwa kwenye tuzo za Oscar.

Sasa ile sauti. Sisi wa Gisenyi, na wenzetu wa Goma ng'ambo ya mpaka, tumekulia kwenye vibanda vya video, na filamu yenye msimulizi haitutishi. Agasobanuye, yaani filamu zinazofasiriwa na msimulizi, tunazijua. Marehemu Yanga alikuwa bingwa wa kazi hiyo Rwanda, na Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Lakini hao walikuwa na kazi ya kweli: stelingi anaongea Kiingereza au Kichina, mtazamaji haelewi, msimulizi anamvusha. Filamu ya 1925 ilikuwa tayari inaeleweka na kila mwenye macho. Chaplin anatusimulia tunachokiona na kuwasemea wahusika ambao nyuso zao zilikuwa zimeshasema. Nimelalamika kuhusu wasimulizi wa siku hizi wasioweza kunyamaza hata wakati wa ngumi, na sitaacha. Ugonjwa ni ule ule, ila huyu ni Chaplin, na yeye hana udhuru.

Hata wakoloni walielewa kwamba msimulizi ni wa kumvusha mtazamaji asiyeelewa. Kitengo cha Filamu cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1939 kwa ajili ya makoloni kilikuwa kikitoa filamu bubu kwa makusudi, ili msimulizi kwenye gari la sinema ashike maikrofoni na kueleza kwa lugha ya kijiji husika. Msimulizi yule aliwaona watu mbele yake, na wakiangua kicheko aliweza kusubiri. Sauti iliyochapwa kwenye ukanda haisubiri mtu.

Mnaosema nyakati zilikuwa zimebadilika na filamu bubu haziuziki, mtazameni William S. Hart. Tumbleweeds, filamu yake ya mwisho ya kauboi, ilitoka mwaka ule ule wa 1925. Ilipotolewa upya mwaka 1939, mzee alisimama mbele ya kamera, akazungumza dakika chache, akawaaga watazamaji wake. Akishamaliza, filamu inaanza na vibao vyake vya maandishi. Waliongeza muziki na vishindo, lakini hakuna aliyeisemea. Mbio za kugombea ardhi zilizomo ndani yake zilibaki zinajieleza zenyewe, na ndivyo mzee anayeiheshimu kazi yake anavyofanya.

Kevin Brownlow na David Gill waliiunda upya nakala ya 1925 mwaka 1993, kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea kuuziana ile nyingine kwenye fleshi. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji apeleke mbele hadi melini. Kama hakuna busu, mrudishie.