Pongezi kwa Mafundi wa Kompyuta wa Hewa Bora

Mafundi wa kompyuta wa mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, wanastahili shukrani zetu. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika kisha ukarudi kwa nguvu, pawasaplai ya kompyuta ya mezani iko katika hatari ya kuungua. Mwenye mashine huona giza tu, akadhani kila kitu kimekufa.

Fundi mzuri habahatishi. Huchomoa pawasaplai kutoka kwenye bodi mama, huunganisha waya wake wa kijani na ule mweusi, kisha huirudishia umeme. Feni ikizunguka, bado hajaridhika: hushika mita akapima. Waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na tofauti isizidi asilimia 5. Ikishindwa, huweka nyingine yenye wati za kutosha. Ile mbovu haifungui ovyo, kwani kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kwa umakini huo, barua za ofisi, kazi za wanafunzi na picha za familia huokoka. Mafundi, hongereni sana. Nasi wateja tuwalipe kwa haki, tena tununue stabilaiza kabla ya hasara.