Ruta Mbili, Fundi Mmoja

Si ajabu, ukiingia nyumba ya Bulla Iftin mjini Garissa, kukuta vifaa viwili vya intaneti vimekaa bega kwa bega juu ya kabati la televisheni. Kimoja ni ruta ya nyumbani, ya kuchomekwa ukutani. Cha pili ni kile cha mfukoni chenye laini ya simu ndani yake, ambacho wengi hukiita MiFi. Mgeni wa Nairobi huona huo ni ufujaji. Mwenyeji hajali: stima ikipotea, ruta kubwa huzima papo hapo, ilhali kile kidogo kina betri. Na stima hupotea, ingawa mji huu una jirani wa kujivunia, kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019. Umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, kwa hiyo mji haupati upendeleo.

Tabu huanza pale vifaa vyote viwili vinapowaka na intaneti haipo. Hapo ndipo fundi huitwa, na hapo ndipo fundi hodari hujitenga na mbabaishaji. Mbabaishaji hufika akabonyeza kitufe cha kufuta kila kitu, na kwa kubonyeza huko hufuta pia ushahidi. Hodari huanza kwa maswali, pengine kwa simu kabla hata ya kutoka dukani.

“Hooyo (mama), ni simu yako tu, au za nyumba nzima?”

“Yangu tu. Ya mtoto inafanya.”

“Yako imeshika jina gani?”

Jibu la swali hilo humaliza kesi nyingi. Stima ilipopotea, simu ilihamia MiFi. Stima iliporudi, ikabaki palepale, ikala bando mpaka tone la mwisho. Kwa macho ya mwenye simu, alama ya Wi-Fi imejaa tele. Kweli imejaa, lakini inaonyesha tu nguvu ya mawimbi kati ya simu na kile kifaa kabatini. Haisemi lolote kuhusu njia ya kutoka nje. Mambo huzidi kuwa magumu kwa waliovipa vifaa vyote jina moja na nywila moja, wakidhani wamerahisisha. Kama wake wenza, kila kimoja kinataka jina lake na mlango wake.

Ufundi wenyewe ni kutenganisha. MiFi inazimwa kabisa, ruta inapimwa peke yake; kisha kinyume chake. Kwenye ruta ya faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna mpangilio wa ndani utakaoponya waya uliokatwa na katapila barabarani. Taa ikiwa sawa, fundi huangalia anwani. Wapo wanaounganisha MiFi na ruta kwa waya ili moja ipokee nyingine inapolala, kumbe zote zilitoka kiwandani na anwani ileile, mathalani 192.168.1.1. Ruta hushindwa kutofautisha nje na ndani. Dawa ni kubadilisha tarakimu moja upande mmoja.

Kisha masafa. Kwenye gigahazi 2.4 chaneli ni nyingi kwa hesabu, lakini zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Vifaa vilivyokaa bega kwa bega kwenye chaneli moja hugombea hewa ileile. Kimoja kipewe 1, cha pili 11, na viachane mita kadhaa.

Lakini kusogeza MiFi Garissa si jambo jepesi. Paa la mabati huzuia mawimbi ya mnara, kwa hiyo mahali pazuri ni dirishani. Na dirishani kuna jua, katika mji ambao joto hupita nyuzi 35 bila kushangaza mtu. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likizidi nyuzi 45. Kifaa kinachoachwa kwenye chaja mchana kutwa hapo huvimba mgongo hadi kifuniko kikaachia. Fundi mzuri hutafuta dirisha la kivuli, hata likipoteza mawimbi kidogo. Huo ni uamuzi wa kusifiwa kuliko ujuzi wa tarakimu, maana hauko kwenye kitabu cha maelezo.

Kuna pia siku ambayo ufundi ni kutogusa. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kasi ilishuka Afrika Mashariki, kwa watu wa waya na wa laini ya simu vilevile. Vijijini kuelekea mpakani, minara yenyewe imeshambuliwa na al-Shabaab mara kadhaa, katika Garissa, Wajir na Mandera. Njia mbili zisizotegemeana zikizorota kwa pamoja, fundi mkweli hukiri kwamba kosa haliko nyumbani, akafunga mkoba.

Ukweli huo humgharimu. Anayeuza ruta mpya hulipwa bila swali, kwa kuwa mteja anabaki na boksi mkononi. Aliyebadilisha tarakimu moja na kuhamisha kifaa kutoka kabatini hadi dirisha la kivuli huulizwa kwa mshangao wa kweli: “Kwani umefanya nini?” Naye inambidi aanze kueleza, hatua kwa hatua, kabla ya kutaja bei.